Kodi ya Mume na Mke: Iunganishwe au Itenganishwe? Hesabu ya Malaysia na Mizani ya Shari'ah

Sifa zote njema Anastahiki Allaah, Mola wa walimwengu wote. Swalah na salaam zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam), pamoja na ahli zake na Swahaba zake wote. Amma ba'd.

Kuanzia Machi hadi Juni ni msimu wa kodi ya mapato katika nchi nyingi wanazoishi ndugu zetu. Uingereza mwaka wa kodi hufungwa tarehe 5 Aprili. Malaysia, mfanyakazi asiye na biashara hutakiwa kuwasilisha fomu yake mwisho wa Aprili. Kenya, na kwa hiyo Lamu na visiwa vyake, mwisho wa ritani ni 30 Juni. Katika nchi zinazowapa wanandoa khiyari, msimu huu huleta mazungumzo majumbani: tuhesabiwe pamoja, au kila mmoja ahesabiwe peke yake?

Mara nyingi mazungumzo hayo huishia kwenye suala moja tu, nalo ni njia ipi ina kodi ndogo. Suala hilo ni halali na tutalijibu kwa hesabu. Lakini lipo suala la pili ambalo husahauliwa, na kwa Muislamu ndilo zito zaidi: fedha zinazookolewa au kurejeshwa ni za nani?

Tumeichukua Malaysia kuwa mfano mkuu kwa sababu mbili. Kwanza, ni nchi inayowapa mume na mke khiyari ya wazi kila mwaka. Pili, ni nchi ambayo zaka na kodi hukutana katika fomu moja, jambo ambalo hapa kwetu halipo. Baada ya hapo tutawagusia walioko Uingereza, kisha tutarudi nyumbani.

Kipato cha mke kilikuwa cha nani?

Kwa muda mrefu sheria za kodi zilizotokana na mfumo wa Kiingereza zilimhesabu mke kama sehemu ya mumewe. Uingereza kwenyewe kipato cha mke kilihesabiwa kuwa cha mume kwa ajili ya kodi hadi Aprili 1990, ndipo kila mmoja akaanza kutozwa peke yake. Malaysia utaratibu wa kumhesabu mke peke yake ulianza na mwaka wa kodi 1991. Kenya nayo, kifungu cha 45 cha Sheria ya Kodi ya Mapato kiliandikwa kwa msingi kwamba kipato cha mke anayeishi na mumewe ni kipato cha mume. Baadaye mke akaruhusiwa kuwasilisha ritani yake mwenyewe akitaka.

Muislamu akisoma historia hii hana budi kumshukuru Allaah. Katika Suratun-Nisaa, Aayah ya 32, Allaah Amebainisha kwamba wanaume wana fungu lao katika walichokichuma na wanawake wana fungu lao katika walichokichuma. Katika Aayah ya 34 ya Suurah hiyo hiyo, jukumu la kutumia mali kwa ajili ya nyumba limewekwa juu ya mume. Kwa hiyo mke ana mali yake kamili, na nafaka yake bado iko kwa mumewe hata kama mshahara wa mke ni mkubwa zaidi.

Kisa cha Zaynab, mke wa 'Abdullaah bin Mas'uud (Radhwiya Allaahu 'anhumaa), kilichopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, kinatosha kuwa dalili. Alimuuliza Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) kama inajuzu kumpa mumewe swadaqah, na akajibiwa kuwa ana ujira mara mbili: ujira wa ujamaa na ujira wa swadaqah. Lau mali ya mke ingekuwa ni mali ya mume, suala lenyewe lisingekuwa na maana, kwani mtu hapewi swadaqah mali yake mwenyewe.

Huu ndio msingi wa makala hii. Serikali inaweza kuziunganisha hesabu za watu wawili katika karatasi moja. Karatasi hiyo haihamishi umiliki.

Khiyari zilizopo Malaysia

Asili ya sheria ya Malaysia sasa ni kutenganisha: mume na mke kila mmoja hujaza fomu yake kwa Bodi ya Mapato ya Ndani (LHDN). Wakitaka, wanaweza kuomba kuunganishwa. Mke anaweza kupeleka kipato chake kwenye hesabu ya mume, au mume akapeleka chake kwenye hesabu ya mke. Uamuzi ni wa mwaka mmoja mmoja. Waliounganisha mwaka huu si lazima waunganishe mwakani. Mgeni anayekaa nchini humo siku 182 au zaidi katika mwaka kwa kawaida huhesabiwa mkaazi, na hutozwa kwa viwango vya wakaazi.

Ili kuielewa hesabu, tutofautishe mambo mawili. Nafuu ni kiasi kinachotolewa kwenye kipato kabla ya kodi kupigwa. Punguzo ni kiasi kinachotolewa kwenye kodi yenyewe baada ya kupigwa. Ringgit 1,000 za nafuu humwokoa mtu sehemu tu ya fedha hizo, lakini ringgit 1,000 za punguzo humwokoa 1,000 kamili maadamu kodi yake inafikia kiasi hicho.

Kila mkaazi anapata nafuu ya ringgit 9,000 kwa ajili ya nafsi yake. Mwenye mke au mume asiye na kipato chochote huongezewa nafuu ya 4,000, na hilo halihitaji kuunganisha hesabu. Wanaounganisha hupata 9,000 ya yule ambaye fomu iko kwa jina lake, na 4,000 kwa ajili ya mwenzake. Maana yake, aliyeunganishwa anaiacha 9,000 yake na mahali pake panaingia 4,000.

Viwango vya wakaazi kuanzia mwaka wa kodi 2023 ni hivi: ringgit 5,000 za mwanzo hazitozwi, kutoka hapo hadi 20,000 ni asilimia 1, hadi 35,000 asilimia 3, hadi 50,000 asilimia 6, hadi 70,000 asilimia 11, hadi 100,000 asilimia 19, kisha viwango vinaendelea kupanda. Mwenye mapato yanayotozwa yasiyozidi 35,000 hupata pia punguzo la 400.

Mfano wa kwanza. Mume anapata 60,000 kwa mwaka na mke 40,000. Tuchukue nafuu za nafsi peke yake ili hesabu iwe nyepesi. Wakitengana, mume anabaki na 51,000 za kutozwa na kodi yake ni 1,610. Mke anabaki na 31,000, kodi 480, akitoa punguzo la 400 analipa 80. Jumla ya nyumba ni 1,690. Wakiunganisha, 100,000 hutolewa 13,000 na kubaki 87,000, na kodi yake ni 6,930. Kuunganisha kumewagharimu ringgit 5,240 bila ya faida yoyote. Sababu ni kwamba mshahara wa mke umepandishwa juu ya mshahara wa mume, ukaangukia kwenye viwango vya asilimia 11 na 19 badala ya 1 na 3.

Mfano wa pili. Mume anapata 60,000 ile ile, na mke anauza vitafunio nyumbani, faida yake kwa mwaka ni 3,000. Wakitengana, mume analipa 1,610 na mke halipi kitu. Wakiunganisha, 63,000 hutolewa 13,000 na kubaki 50,000, kodi 1,500. Hapa kuunganisha kumeokoa 110.

Kanuni inayopatikana ni nyepesi. Ikiwa kipato cha mmoja wao hakifiki 4,000, kuunganisha kunaweza kuwa na faida ndogo. Kikizidi hapo, kwa kawaida kutenganisha ni bora, na kadiri vipato viwili vinavyokaribiana ndivyo faida ya kutenganisha inavyokua. Basi familia nyingi ambazo wote wawili wameajiriwa hazina haja ya kulifikiria jambo hili kwa muda mrefu.

Watoto na zaka

Nafuu ya mtoto aliye chini ya miaka 18 ni ringgit 2,000, na kila mtoto hudaiwa na mzazi mmoja. Wazazi waliotenganisha wanaweza kukubaliana mtoto yupi aandikwe kwa nani. Katika mfano wa kwanza, mtoto mmoja akiandikwa kwa mume anaokoa 170. Akiandikwa kwa mke anaokoa 60. Nafuu ina uzito zaidi kwa mwenye kiwango cha juu. Hili linaafikiana na Shari'ah pia, kwani nafaka ya watoto iko kwa baba, na ni haki nafuu imfuate anayebeba mzigo. Ama ikiwa mama ndiye anayewalisha na kuwasomesha, itakuwa si uadilifu baba kuichukua nafuu hiyo na akiba yake akaitia mfukoni.

Zaka iko tofauti. Malaysia, zaka iliyolipwa kwa taasisi inayotambuliwa, ikiwemo zaka ya fitri, huhesabiwa kuwa punguzo la kodi yenyewe. Mume wa mfano wetu aliyetoa zaka 1,000 na akawa na risiti, kodi yake ya 1,610 inashuka hadi 610. Lau ingekuwa ni nafuu ya kawaida angeokoa 110 tu. Zaka ikizidi kodi, ziada hairejeshwi.

Hapa ndipo baadhi ya watu wanapoteleza. Kwa kuwa punguzo lina faida kwa mwenye kodi kubwa, hushawishika kuiandika zaka ya mke kwa jina la mume. Hilo halifai. Zaka ni ibada, na ibada ina mwenyewe. Kila mmoja anaangalia nisabu na mwaka wa mali yake mwenyewe. Mume anaweza kumlipia mkewe zaka kwa idhini yake, na zaka ikasihi, lakini inabaki kuwa ni zaka ya mke kwa mali ya mke, na risiti iandikwe hivyo. Ama mtaji ambao mume na mke wameuchanganya katika duka moja una maelezo yake katika madh-hab ya Imaam Ash-Shaafi'iy, na wenye hali hiyo wamuulize mwanachuoni kabla ya kugawa.

Fedha zinazorejeshwa ni za nani?

Tuchukue hali ya tatu, nayo ndiyo iliyotusukuma kuandika. Mke alifanya kazi mwezi mmoja mwanzoni mwa mwaka, akapata ringgit 3,500, kisha akaacha kazi kwa ajili ya uzazi. Tuseme mwajiri alimkata kodi ya 100 katika mshahara huo. Mume ana 60,000 zake.

Wakitenganisha, mume anadaiwa 1,610. Mke hadaiwi kitu, na 100 zake zinarudi kwenye akaunti yake. Wakiunganisha kwa jina la mume, kodi ya nyumba inakuwa 1,555, na zile 100 za mke zinahesabiwa kuwa ni malipo ya deni hilo. Kwenye karatasi, familia imeokoa 55. Ukitazama mfuko wa kila mmoja, mume ametoa 1,455 badala ya 1,610, amebaki na 155 zaidi. Mke amepoteza 100 zake zote.

Hakuna aliyeiba. Mume huenda hata hajui, kwa kuwa mtaalamu wa kodi alimwambia tu kwamba njia hii ni rahisi zaidi. Lakini ringgit 100 zimetoka katika mali ya mwanamke na kuingia katika deni la mwanamume kwa saini moja. Mume anayejua kisha akanyamaza amekula mali ya mwenzake. Njia ya kutoka ni nyepesi: ampe mkewe 100 zake, na faida ya 55 wagawane kwa maridhiano. Mke akisema nimekuachia kwa radhi yangu, ni halali na ni hisani yake, kama ilivyokuja katika Suratun-Nisaa, Aayah ya 4, kuhusu mahari ambayo mke ameyatoa kwa moyo mkunjufu. Radhi ya kweli ni ile inayotolewa na mtu anayejua anachokiacha. Mke aliyepewa fomu atie saini bila ya kuelezwa hajaridhia, amenyamaza tu.

Lipo na jambo la siri. Kuunganisha hesabu kunamlazimu mke kumuonesha mumewe kila alichokipata. Hatujui dalili inayomlazimisha mke katika Shari'ah kumfunulia mumewe hesabu ya mali yake. Akifanya kwa mapenzi ni vizuri na huzidisha kuaminiana, lakini mume asiifanye fomu ya kodi kuwa ni mlango wa kumpekua. Mke naye asifiche kwa nia ya kuwasababishia wote wawili ritani ya uongo.

Je, kuchagua kodi ndogo ni udanganyifu?

Wanazuoni wana khitilafu zao katika hukumu ya kodi za serikali, na hapa si mahali pake. Wanachokubaliana ni kwamba uongo na ushahidi wa uongo ni haramu. Mwenye kuchagua mojawapo ya njia mbili ambazo sheria yenyewe imeziweka mbele yake, akaandika ukweli katika zote, hajadanganya mtu. Sheria ilimuuliza naye akajibu.

Uongo unaanza pale mali inapohamishwa kwa jina tu. Mume ana nyumba ya kupangisha, kodi yake ni kubwa, basi anaiandika nyumba kwa jina la mke mwenye kipato kidogo, huku kodi ya pango akiendelea kuipokea yeye na moyoni mwake nyumba bado ni yake. Kiserikali ametoa maelezo ya uongo. Kishari'ah amejitia katika mtihani mkubwa zaidi. Ikiwa alisema nimekupa, mke akakubali na kukabidhiwa, hiyo ni hiba iliyotimia, na katika madh-hab ya Shaafi'iy mume hana haki ya kuirejesha. Mke akifa, nyumba inaingia katika mirathi yake: mume atapata robo ikiwa mke ameacha watoto, na nusu ikiwa hakuacha, na kilichobaki ni cha warithi wengine. Na ikiwa hakukusudia kutoa, basi ameweka hati inayosema kinyume cha ukweli, na siku ya kufa kwake watoto na mjane watagombana mbele ya Kadhi. Mfuko wa kodi ulioepukwa hautafika hata kidogo gharama ya ugomvi huo.

Kwa walioko Uingereza

Uingereza haina khiyari ya kuunganisha. Kila mmoja hutozwa peke yake. Ila mwenye kipato kisichofika kiwango kisichotozwa, ambacho ni pauni 12,570, anaweza kumhamishia mwenzake pauni 1,260 za kiwango hicho, iwapo mwenzake analipa kodi ya kiwango cha msingi. Akiba inafika pauni 252 kwa mwaka, na inaweza kudaiwa kwa miaka minne iliyopita. Nafuu hii pia ni ya mke anayekaa nyumbani kulea, na akiba yake huonekana kwenye kodi ya mume. Yaliyosemwa kuhusu radhi yanahusika hapa pia.

Sharti lake ni ndoa inayotambuliwa na sheria. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufaa ya England ilishikilia kwamba nikaah iliyofungwa huko bila ya taratibu za kiserikali haina nguvu ya ndoa mbele ya sheria. Aliyeoa Unguja, Pemba au Lamu kwa mujibu wa sheria ya hapa na akawa na cheti chake, kwa kawaida ndoa yake hutambuliwa. Aliyefunga nikaah msikitini London na hakuandikisha, mkewe ni mkewe mbele ya Allaah, lakini hana haki ya nafuu hii, na muhimu kuliko pauni 252, mwanamke hana kinga ya sheria siku ya talaka. Tunawanasihi waandikishe.

Na sisi tuliopo nyumbani

Zanzibar, kodi ya mapato ni jambo la Muungano na husimamiwa na TRA. Mwalimu wa skuli na mumewe daktari kila mmoja hukatwa PAYE katika mshahara wake, na zaka mtu aliyoitoa haipunguzi makato hayo. Kwa hiyo hesabu ya Malaysia hatuna, lakini suala la umiliki tunalo kila siku: leseni ya duka kwa jina la mke na mtaji wa mume, kiwanja kwa jina la mume na mchango wa mke, mkopo wa mke uliojenga nyumba ya mume.

Nasaha zetu kwa mume na mke, popote walipo, ni hizi. Kabla ya kutia saini, pigeni hesabu za njia zote mbili na kila mmoja azione. Andikeni nani amekatwa nini, na kinachorejeshwa kimfikie mwenyewe. Zaka iandikwe kwa jina la mwenye mali. Mali ihamishwe kwa hiba ya kweli au isihamishwe. Hesabu hizi zipitiwe upya kila mwaka, kwani bajeti hubadilisha nafuu na viwango, na mwenye hali ngumu amuone mtaalamu wa kodi wa nchi aliyopo.

Tunamuomba Allaah Azibariki riziki za nyumba zetu, Atie uadilifu na upole baina ya waume na wake, na Atuepushe na kula mali zetu baina yetu kwa batili. Aamiyn.

Na Allaah Anajua zaidi.